Lugha na Dhana ya Kikomo cha Fanksheni: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Ufipa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, wanafunzi wengi huzungumza Kifipa nyumbani, hujifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na kikomo cha fanksheni kwa Kiingereza katika kidato cha tano na cha sita. Mpangilio huu ulitokana na uamuzi wa 1967 wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi, huku sekondari zikibaki na Kiingereza.

Hata hivyo, ugumu wa dhana hii hautokani na lugha ya kigeni pekee. Newton na Leibniz waliasisi kalkulasi katika karne ya 17 bila fasili thabiti ya kikomo. Berkeley aliikosoa kasoro hiyo mwaka 1734. Mwaka 1821 Cauchy alikieleza kikomo kwa lugha ya kukaribia, ambayo baadaye Weierstrass aliipa vipimo kamili.

Kwa mfano, (x² − 1)/(x − 1) haina thamani x ikiwa 1. Kwingineko ni sawa na x + 1. Hivyo x inapokaribia 1, thamani yake hukaribia 2. Neno “kikomo” hudokeza mwisho unaofikiwa, na hapa laweza kupotosha. Kitenzi “karibia” ndicho kinachobeba dhana yenyewe. Mwanafunzi wa Sumbawanga anacho kitenzi hicho tangu shule ya msingi. Kumtaka akiache anapoingia sekondari ni kumnyima nyenzo ambayo Cauchy mwenyewe aliitegemea.