Skii pana: upana kiasi gani, na kwa theluji gani?

Kila tunapotaja michezo ya majira ya baridi hewani, wasikilizaji hutuuliza kuhusu zile mbao ambazo watu huzifunga miguuni na kuteleza nazo kwenye theluji. Mbona nyingine ni nyembamba kama rula, nyingine pana kama ubao wa kukatia nyama? Baadhi yenu mna ndugu Ulaya au Kanada na mnatumiwa picha. Haya, leo tueleze.

Jibu limo kwenye theluji yenyewe. Kwenye vituo vya skii, mashine hushindilia theluji usiku mpaka inakuwa ngumu kama barabara ya murram iliyopigwa shindilia. Hapo skii nyembamba yenye kingo za chuma hukata kona vizuri sana. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, alishindana kwenye njia za namna hiyo. Skii za mbio zake huwa na upana wa kama milimita 65 tu chini ya kiatu.

Mlimani nje ya njia mambo ni mengine. Theluji iliyoanguka usiku ni laini kama unga wa sembe, na ukiikanyaga kwa kiatu unaweza kuzama hadi mapajani. Dereva anayekwama mchangani hupunguza upepo ili tairi itanuke. Gari halijapungua uzito. Uzito umetandazwa tu. Skii pana hufanya kazi hiyo hiyo.

Wazo hili si la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Rupert Huber wa kampuni ya Atomic nchini Austria alitengeneza skii pana iliyoitwa Powder Plus, na wataalamu wengi wa mchezo waliiona kama kifaa cha wazee na wanaojifunza. Kisha akaja Shane McConkey. Yeye aliangalia skii za kwenye maji, akasema unga wa theluji una tabia ya maji kuliko ya barafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Volant ikatoa skii yake, Spatula, iliyokuwa pana zaidi katikati na yenye ncha zilizopinda kwenda juu. Leo karibu kila skii ya unga ina alama ya fikra hiyo.

Sasa, kuchagua. Kipimo cha kwanza ni kiuno, yaani upana wa skii pale kiatu kinapokaa. Milimita 90 hadi 100 hutumika kwa kila kitu. Kuanzia 105 hadi 120 na kitu, hiyo ni skii ya unga. Sisi tungemwambia ndugu anayeenda mara mbili kwa mwaka asivuke 105, kwa sababu siku nyingi za safari yake atakuta theluji iliyokwisha kukanyagwa. Kwenye barafu, ukingo wa skii pana uko mbali na katikati ya mguu, kwa hiyo kuilaza ubavu kunahitaji nguvu zaidi na goti ndilo linaloumia.

Angalia na umbo. Ncha ya mbele iliyoinuka kama omo ya ngalawa haijichimbii chini. Lakini ikiinuka mno, mbele na nyuma, skii hutetemeka kwenye mwendo mkali. Ndiyo maana wanaoteremka milima mikubwa, kama ile ya Chugach huko Alaska, huchagua skii ndefu na ngumu, wakati Hokkaido nchini Japani, ambako theluji ni kavu na nyepesi, skii laini na pana sana inatosha. Jambo dogo linalosahaulika: breki za vifungo vya kiatu lazima ziwe na upana wa kupita kiuno cha skii, la sivyo hazishuki. Na kabla ya kununua, kodi kwanza.

Lipo ambalo duka huenda lisiliseme. Skii pana humfikisha mtu wa kawaida mahali ambapo zamani walifika mabingwa tu, na miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile tamu kwa unga, ndiyo hasa inayoporomoka. Upana wa skii hauzuii poromoko. Anayetoka nje ya njia hubeba koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kifaa kidogo cha redio kifuani. Hapa sisi watu wa redio tunafurahi: kifaa hicho hutuma mawimbi kwenye 457 kHz, chini kidogo ya pale masafa ya kati yanapoanzia kwenye redio yako. Mtu akifukiwa, wenzake hugeuza vifaa vyao kupokea na kufuata mawimbi hayo. Wana dakika kama kumi za matumaini makubwa. Baada ya hapo hewa humwishia haraka. Kwa hiyo anayekwenda peke yake amebeba kifaa ambacho hakuna wa kukisikia.

Katika nchi za milima ya Alps, na Marekani na Kanada pia, taarifa ya hatari ya maporomoko hutolewa wakati wa msimu kwa ngazi ya 1 hadi 5. Watu wengi hufa siku ya ngazi ya 3, siku ambayo kwa macho mlima unaonekana mzuri tu.