Land Cruiser kuukuu kabla ya kuelekea Chalbi

Wamiliki wa Toyota Land Cruiser za muundo wa 60, zilizoundwa katika miaka ya 1980, aghalabu huanza matayarisho ya safari ya Turkana kwa kununua hema la kufungwa juu ya paa. Pesa za kwanza zastahili radieta, mipira yake ya maji, mikanda na breki. Injini ikichemka katikati ya jangwa la Chalbi, hema halitaipoza.

Kisha kuna suala la uzani. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji hupita kilo 20. Zikipangwa nne kwenye keria, gari huyumba konani, nazo springi za vyuma bapa zilizochoka hulala. Mizigo mizito ikae chini, katikati ya ekseli mbili.

Friji yahitaji betri yake, mbali na ile ya kuwasha injini. Wanaopuuza hili huamka wakisukuma gari.

Mchangani, upepo wa matairi hupunguzwa hadi takriban psi 20. Pampu ya umeme isikosekane, maadamu mawe makali ya volkeno karibu na Loiyangalani hupasua kwa urahisi ubavu wa tairi lililolegea.