Kijana chini ya miaka 18 ameendesha pikipiki akiwa amelewa: mzazi afanye nini?

Mama au mlezi, simu za namna hii huingia usiku, hasa siku ya gulio au baada ya harusi. Kijana wako wa miaka 15 amechukua pikipiki ya baba yake mdogo, alikuwa amekunywa pombe ya ndizi au gongo, na sasa ameanguka au amekamatwa na askari. Sisi wauguzi wa huku Kasulu na Kibondo tunachokiogopa zaidi ni familia kumficha ndani ili polisi wasijue. Wengi hufanya hivyo wakidhani mtoto atafungwa gerezani. Sheria haiko hivyo, na kumficha kunaweza kumuua.

Kwanza hospitali

Mtoto aliyelala kwa pombe na mtoto anayevuja damu ndani ya kichwa wanafanana sana. Wote wananuka pombe, wote hawaeleweki wanachosema. Kwa hiyo aliyeanguka na pikipiki usimwache "alale pombe zimtoke". Mpeleke kituo cha afya mara moja kama haamki ukimwita, anatapika tena na tena, ametokwa na damu au maji masikioni au puani, amepata degedege, mwili umepoa, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika. Mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, na mnapomgeuza kichwa na shingo viende pamoja na mwili. Msimpe maziwa wala kahawa, wala msimwagie maji ya baridi.

Mwambie mhudumu ukweli: alikunywa nini, saa ngapi, na kama alizimia. Fomu ya polisi, ile PF3, inahitajika kwa majeraha ya ajali, lakini mtoto akiwa katika hali mbaya anza na matibabu na mtu mwingine wa familia afuatilie fomu.

Akiwa kituo cha polisi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumbagua mtoto, hata kwa sababu ya ukimbizi, kwa hiyo mtoto wa Nyarugusu au Nduta naye inamlinda.

Nenda kituoni na kitu kinachoonyesha umri wake. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kama hana, beba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule. (Ndiyo maana tunawasihi msitupe kadi za kliniki mtoto akishapona surua!) Kijana mrefu mwenye ndevu kidogo huandikwa mtu mzima kirahisi, na hapo anawekwa mahabusu na watu wazima.

Omba uwepo anapohojiwa, omba Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri aitwe, na omba dhamana. Kwa kosa kama hili mzazi anaweza kumdhamini. Ukitakiwa kulipa chochote, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti.

Mahakamani

Kuendesha ukiwa umelewa ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kiwango cha pombe kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na mtoto mwenye mwili mdogo hukifikia upesi. Kwa kijana asiye na leseni hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, si mbele ya umati, isipokuwa ameshtakiwa pamoja na mtu mzima. Mtoto hapewi kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii, au kwa kosa zito kumpeleka Shule ya Maadilisho, ile iliyoko Irambo, Mbeya. Ni mbali sana na Kigoma, mama, na kumtembelea si rahisi. Pia anaweza kuzuiwa kupata leseni kwa muda. Akiwa ameua au kujeruhi mtu, kesi inakuwa nzito zaidi. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria mapema.

Faini na fidia vinaweza kukuangukia wewe mzazi, hasa ikionekana ulizembea kumwangalia. Na aliyemwachia pikipiki mtoto asiye na leseni naye ana kosa lake. Akina baba wadogo hawapendi kusikia hili, lakini waambieni. Bima nyingi hazikubali dereva asiye na leseni, achilia mbali mlevi, kwa hiyo gharama za aliyegongwa zinaweza kumalizia ng'ombe na shamba la familia.

Aliyemuuzia pombe je? Ni kosa kumuuzia mtoto pombe, na gongo yenyewe ni haramu kwa umri wowote. Mtaje kwa polisi au mtendaji wa kijiji, hata kama ni jirani.

Ukikwama, piga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Na kijana akirudi nyumbani, usiku huo wa kwanza mwamsheni kila baada ya saa mbili. Asipoamka vizuri, rudini hospitali.