Ubebaji wa silaha kwa wageni nchini Tanzania

Ubebaji wa silaha kwa wageni nchini Tanzania ni suala la kisheria linalomhusu mtu asiye mkazi wa nchi ambaye anaingia au kupita akiwa na bunduki, bastola au risasi. Tanzania haina utaratibu wa kubeba silaha bila kibali kwa mtu binafsi, awe raia au mgeni. Leseni iliyotolewa na nchi nyingine, hata nchi jirani, haimpi mwenye nayo haki ya kubeba silaha yake akishavuka mpaka.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Mikoa ya Mbeya, Songwe na Iringa ina mipaka miwili ya kimataifa yenye shughuli nyingi, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, reli ya TAZARA, pamoja na hifadhi na mapori ya wanyama ambako silaha husimamiwa kwa sheria za ziada.

Historia

Udhibiti wa silaha za wasafiri katika eneo hili ulianza kabla ya mipaka ya sasa kukamilika. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilikuwa ndani ya eneo hilo. Bunduki zilizoingizwa zilipaswa kuwekwa katika maghala ya serikali, na zile zilizoruhusiwa kuuzwa kwa kawaida zilikuwa za zamani za gumegume. Wasafiri waliachiwa mlango mmoja: msafiri aliyekuwa na hati ya serikali yake inayothibitisha kwamba silaha ni ya kujilinda yeye mwenyewe aliweza kupewa ruhusa ya kuwa nayo. Hivyo tangu mwanzo silaha ya mgeni ilitegemea karatasi, na mwenyeji alibanwa zaidi kuliko msafiri wa Kizungu.

Shabaha iliyotangazwa ya mkataba ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, lakini masharti hayo yaliwanyima pia Waafrika silaha za kujitetea dhidi ya ukoloni. Njia nyingine ya kuzipata ilikuwa vita. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe chini ya Mtwa Mkwawa walikishinda kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kuteka mamia ya bunduki.

Baada ya uhuru, sheria ya silaha iliandikwa upya mwaka 1991. Hiyo nayo ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, inayotumika hadi sasa.

Sheria ya sasa

Leseni ya silaha nchini Tanzania hutolewa kwa mtu fulani kwa silaha fulani. Haiazimishwi, na aliyeazima bunduki ya ndugu au rafiki halindwi na leseni ya mwenye bunduki. Mwombaji huanzia katika ngazi ya kijiji au mtaa anakofahamika, kisha maombi hupitia kamati za ulinzi na usalama na Jeshi la Polisi. Utaratibu huu unajengwa juu ya ushuhuda wa majirani kuhusu tabia ya mwombaji, jambo ambalo mgeni wa siku chache hawezi kuwa nalo.

Tanzania haina sheria za silaha za mkoa mmoja mmoja. Sheria ni moja na Jeshi la Polisi ni moja, kwa hiyo mkazi wa Iringa anayesafiri kwenda Mbeya hahesabiwi kuwa mgeni kwa maana ya sheria hii. Anachotakiwa ni kuwa na leseni halali na kuionyesha polisi wakiitaka. Mgeni ni yule anayetoka nje ya nchi.

Mgeni wa namna hiyo anahitaji kibali cha kuingiza silaha nchini, nacho hutafutwa kabla ya safari. Kutangaza bunduki mbele ya afisa wa forodha ni wajibu, lakini tangazo hilo peke yake halichukui nafasi ya kibali.

Mipaka ya Tunduma na Kasumulu

Tunduma, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, inapakana na Nakonde nchini Zambia. Kituo cha huduma kwa pamoja cha mpaka huo kilizinduliwa mwaka 2019. Katika kituo cha namna hii, maofisa wa nchi zote mbili humhudumia msafiri upande wa nchi anayoingia. Anayetoka Zambia na silaha huwa tayari amekanyaga ardhi ya Tanzania wakati mzigo wake unapokaguliwa. Mpaka wa Kasumulu, wilayani Kyela, unaelekea Malawi.

Zambia na Malawi si wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bali ni wanachama wa SADC pamoja na Tanzania. Itifaki ya SADC kuhusu udhibiti wa silaha ilitiwa saini Blantyre mwaka 2001. Tanzania imo pia katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hizo zinazitaka nchi zioanishe sheria, ziwekee silaha alama na kubadilishana taarifa. Hazikuunda leseni ya pamoja. Hata ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uhuru wa watu kusafiri hauhusu bunduki zao.

Hifadhi na uwindaji

Ndani ya hifadhi za taifa kama Ruaha na Kitulo, kuingia na silaha bila idhini ya mamlaka ya hifadhi ni kosa, hata kama silaha yenyewe ina leseni. Mapori ya akiba nayo yana katazo lake katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Wageni wengi wanaoingiza bunduki kihalali ni wawindaji wa kitalii, wanaokwenda katika vitalu kama vya Pori la Akiba la Rungwa, kaskazini mwa Ruaha. Kampuni ya uwindaji humsaidia mgeni kupata vibali vya silaha mapema, na mgeni huwinda akiongozana na mwindaji bingwa mwenye leseni. Bunduki huingia kwa muda na hutakiwa kutoka pamoja na mwenyewe. Kibali cha kuwinda hakimruhusu kutembea na bunduki hiyo mjini.

Adhabu na mashtaka

Kumiliki silaha bila leseni na kumiliki risasi bila leseni ni makosa mawili tofauti, chini ya vifungu vya 20 na 21 vya sheria ya 2015. Makosa hayo yameingizwa pia katika orodha ya makosa ya Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984. Matokeo yake ni makubwa: kesi haiwezi kusikilizwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mshtakiwa anaweza kukaa muda mrefu akiisubiri. Gobole, yaani bunduki ya kienyeji inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, nalo ni silaha mbele ya sheria. Msafiri aliyesahau risasi chache mfukoni mwa begi anaweza kushtakiwa hata kama bunduki aliiacha kwao.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari.

Ulinganisho na Marekani

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake. Hadi mwaka 2024 majimbo 29 yaliruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Vermont haijawahi kudai kibali. Mengi kati ya majimbo hayo humhesabu pia Mmarekani anayetoka jimbo jingine. Wyoming iliwahi kutoa ruhusa hiyo kwa wakazi wake tu hadi mwaka 2021, na North Dakota hadi mwaka 2023.

Ruhusa hiyo haiwafikii wageni wote. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi na watalii, kumiliki silaha au risasi, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo mwanafunzi kutoka Mbeya au Iringa aliye katika jimbo lisilodai kibali hawezi kuitegemea sheria ya jimbo hilo. Kosa hilo linaweza kumfikisha gerezani na kumfanya arudishwe nyumbani.

Tazama pia

Mkwawa
Tunduma
Hifadhi ya Taifa ya Ruaha
Jeshi la Polisi Tanzania