Tembo wa Tabora na Rupia za Shambani

Mkoani Katavi, mtu akiokota sarafu ya Mjerumani shambani, habari hailali. Jua halijazama dalali wa kwanza ameshabisha hodi, simu mkononi, anaomba kuipiga picha mbele na nyuma. Picha ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp, bei inapanda kwa kila anayeisambaza: laki tano, milioni mbili, milioni kumi "ukimpata Mzungu mwenyewe". Uvumi nao una nyongeza zake. Wapo wanaoapa kwamba rupia za zamani zina zebaki ya ajabu ndani, na wapo wanaozunguka maboma na makaburi ya Wajerumani wakichimba usiku kutafuta masanduku ya mali.

Ughaibuni nako kuna mkusanyaji wa sarafu aliyeganda mbele ya kompyuta, mnada umebakiza sekunde chache, na mtu asiyemjua ametoka kumzidi dau kwa dola kumi. Anapandisha. Anazidiwa tena, anapandisha tena. Hawa wawili, mwokotaji na mkusanyaji, hawatakutana, lakini wote wanaweza kulizwa kwa sababu moja: hawajajiuliza sarafu wanayoihangaikia ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi zake DOAG, ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Rupia yake ilifuata uzito wa ile ya Uhindi, gramu 11.66, maana biashara ya pwani yote ilikuwa imezoea fedha ya Bombay. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm wa Pili, kavaa kofia ya chuma yenye tai aliyetandaza mabawa. Upande wa pili yupo simba na mti wa jamii ya mnazi. Rupia moja ilivunjwa kuwa pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 sarafu zilitolewa na serikali ya koloni yenyewe, na hesabu ikabadilika: rupia moja, heller 100.

Rupia hiyo haikufika Mpimbwe wala Ukonongo, huko Katavi, kwa sababu wakulima waliililia. Ilifika kwa sababu ya kodi. Kuanzia mwaka 1898 kila nyumba ilidaiwa, na kiwango cha mashambani kilikuwa rupia tatu. Asiye nazo alizitafuta kwa kuuza nta, nafaka au mifugo, kwa kubeba mizigo ya misafara, au kwa kufunga safari hadi mashamba ya wazungu. Utawala unaodai kodi kwa sarafu hauna budi kuhakikisha sarafu zipo hadi kijijini, kwa hiyo viwanda vya Berlin na Hamburg vilifyatua heller za shaba kwa mamilioni. Herufi ndogo A chini ya tarakimu ni Berlin. J ni Hamburg.

Kwa sababu hiyo heller ya shaba anayoikwangua mkulima wa leo kwa jembe kule Inyonga au Karema kwa kawaida haina maajabu sokoni. Ilitengenezwa ili ienee kila mahali, na ikaenea. Mnadani nchi za nje, heller ya kawaida iliyochakaa huenda kwa dola chache tu, na rupia ya fedha ya kawaida kwa makumi ya dola. Wala hiyo si bei ya rupia iliyotobolewa ikawa kidani, au iliyosuguliwa kwa majivu na limau hadi ing'ae ili "mnunuzi aipende". Mkusanyaji anataka ule weusi wa miaka mia. Kuusugua ni kuipunguzia sarafu bei kwa mkono wako mwenyewe, na wanaofanya hivyo ni wengi mno.

Sarafu ghali kweli ya koloni lile ilitengenezwa Tabora, safari ya treni kutoka Mpanda. Vita ilipozuka mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga bahari na fedha kutoka Ujerumani ikakatika, huku askari wakitaka mishahara na wauza chakula wakitaka malipo. Serikali ilianza kuchapa noti za dharura hukuhuku, kisha mwaka 1916 mafundi wa reli wa Tabora wakageuzwa wafyatuzi wa sarafu. Walitoa heller 5 na heller 20, za shaba nyekundu kwa njano, kwa kuyeyusha chochote kilichopatikana, maganda ya risasi na mizinga yakiwemo. Herufi yao ilikuwa T. Heller 20 pekee zilizidi milioni moja, na ukizishika unaona haraka ya vita: taji limeegemea upande, maandishi yamefifia, duara halijakamilika.

Halafu ikaja dhahabu. Ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, na ikafyatuliwa sarafu ya rupia 15, yaani mark 20 za Ujerumani. Fundi sonara Msinhala kutoka Ceylon ndiye anayetajwa kuwa alichonga muhuri wa tembo: kainua mkonga, nyuma yake milima. Ni kazi nzuri kuliko sarafu nyingi zilizotoka Berlin, na si ajabu wakusanyaji wameipenda tangu hapo. Zilitoka 16,198 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na baada ya hapo hazikutoka tena.

Piga hesabu. Rupia 15 zilikuwa kodi ya miaka mitano ya nyumba moja. Sarafu ya namna hiyo haikutengenezwa kununulia chumvi gulioni, na uwezekano wa kuikuta kwenye tuta la mihogo ni mdogo sana. Leo iliyotunzwa vizuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Matapeli nao wanajua, ndiyo maana tembo wa bandia wamejaa, wa kumimina na wa kupaka rangi ya dhahabu. Mchimbaji mdogo wa Mpanda ana faida moja ambayo tajiri wa mnadani hana, maana yeye anaishi na mzani. Tembo halisi ana gramu 7.17, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Anayenunua kwa picha hana mzani. Ana maelezo ya muuzaji na mwanga mzuri wa kamera.

Lakini mzani peke yake nao unaweza kuponza. Sarafu hiyo ikifikishwa kwa mnunuzi asiyeijua, itahesabiwa kuwa gramu tano na ushee za dhahabu safi na kuingia kwenye moto na vipande vingine vilivyotoka mgodini. Hapo aliyelizwa ni muuzaji.

Wakusanyaji wenyewe wana ugonjwa wa pekee kuhusu Tabora. Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa mkono, ikavunjika na kuchongwa upya, heller 20 zinatofautiana: taji kubwa au taji dogo, ncha ya herufi L iliyopinda au iliyochongoka. Katika tembo, wanaangalia mwisho wa pambo uko chini ya herufi gani ya neno "Ostafrika". Mtu mzima mwenye shahada zake anaweza kulipa mara kadhaa ya bei ya kawaida kwa ajili ya ncha ya L, kisha tozo ya mnada, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20, inaongezwa juu yake. Fedha ni yake, atajua mwenyewe.

Ujinga wa tarehe unasameheka kidogo zaidi. Pesa ya kwanza ya DOAG ina maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307. Asiyeijua kalenda ya hijria anaweza kuuziwa sarafu ya mwaka 1890 kama mali ya karne ya 14. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar ina 1299, nayo ni ya 1882. Sarafu za pwani ambazo kweli ni za kale, zile za masultani wa Kilwa, hazina mwaka kabisa. Zina jina la sultani na maneno ya kumsifu Mungu. Iko pia ile reale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotembea na misafara ya biashara na yenye mwaka 1780. Malkia huyo alifariki mwaka huo, lakini sarafu yake iliendelea kufyatuliwa na tarehe ileile, Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko, hadi zama zetu. Kila siku kuna mtu anayeilipia miaka 240 kwa kitu ambacho huenda ni rika la baba yake.

Baada ya vita Uingereza iliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, na shilingi ikaingia mwaka 1921. Rupia ya Kaisari ikapoteza kazi. Nyingine ziliyeyushwa, nyingine zikawa vidani, nyingine zikazikwa na wazee waliokwisha kuona serikali zikija na kuondoka. Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950, kufuata madini ya risasi ya Uruwira, mishahara ya mgodini ilikuwa shilingi zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza. Nazo leo zinapigwa picha na kusifiwa kuwa ni adimu.

Utapeli wa kutaka "ada ya usajili" kabla ya kukununulia sarafu yako umesambaa kiasi kwamba Benki Kuu ya India ilitoa onyo rasmi mwezi Agosti 2021. Sura yake ni ileile popote: mnunuzi anatoa bei ya kutisha, halafu anaomba kwanza utume hela ndogo ya kushughulikia karatasi. Mkusanyaji wa kweli hufanya kinyume, anaanza kwa kuuliza uzito.

Tanzania yenyewe inazidi kuongeza mzigo kwenye soko hili. Kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, Benki Kuu iliondoa kwenye mzunguko noti za toleo la mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ambayo nafasi yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na sarafu ya Mzee Karume na nyati. Aliyesahau bunda chini ya godoro hawezi tena kulinunulia hata kiberiti. Anayetaka kumwambia kwamba sasa ni noti adimu hatakosa kutokea.