Jiko la Gesi, Jiko la Sumaku na Gesi Yetu ya Kusini

Biharusi wa Nachingwea au Ruangwa akija kupimwa gauni la nikahi, hutuuliza na hili: anunue jiko la gesi au lile la umeme la sumaku?

Mama zetu walipikia mafiga na kuni. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982, lakini siyo hiyo iliyomo kwenye mitungi yetu. Ya mtungi huja kwa meli kutoka nje, kisha kwa malori. Ya Mnazi Bay imeendesha mitambo ya umeme Mtwara, nyaya zikatufikia mpaka huku. Kumbe anayepikia umeme ndiye aliyeonja gesi ya kusini!

Jiko la sumaku halina moshi, wala mtandio haushiki moto. Ila sufuria za alumini, zile za pilau, halizitambui kabisa. Na umeme ukikatika jioni ya Ramadhani, futari hubaki mbichi, yametukuta. Sisi twamwambia biharusi aanze na gesi. La sumaku lifuate, na dukani aende na kisumaku: kisiponasa kwenye kitako, sufuria hiyo aiache.