Rhapta: mji wa Azania uliosalimika kwa wasomi wa Bizanti

Rhapta ulikuwa mji wa biashara ambao Wagiriki wa kale waliuhesabu kuwa bandari ya mwisho ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Wanaoutafuta leo hubishana kati ya Pangani, Dar es Salaam na delta ya Rufiji katika Wilaya ya Kibiti. Ubishi huo usingekuwepo kama wasomi wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, waliokuwa wakihifadhi falsafa ya Plato na Aristotle, wasingezinakili pia habari za mabaharia.

Habari za awali zimo katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa safari ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina. Anasema mji uliitwa Rhapta kutokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa kuwa vyombo vya huko vilishonwa. Watu wa pwani wanamtambua mara moja jamaa wa mtepe: mbao zilitobolewa kingoni, zikaunganishwa kwa kamba ya makumbi, kisha matundu yakazibwa, bila msumari wa chuma hata mmoja. Katika kisiwa jirani cha Menouthias aliona samaki wakinaswa kwa vikapu vilivyotegwa kwenye mikondo ya maji, karibu kama dema linavyotegwa mpaka leo. Rhapta ilitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Ilipokea mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Waarabu wa Muza, huko Yemen, walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Hakuna maelezo ya kale zaidi ya maisha ya pwani hii yanayokaribia haya kwa thamani.

Karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria aliiweka Rhapta nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kando ya mto na mbali kidogo na bahari. Hakufika. Alitegemea mabaharia kama Diogenes, aliyesukumwa kusini kwa siku 25 na upepo unaoelekea kuwa kaskazi, na Theophilus, aliyetoka Rhapta hadi pembe ya Somalia kwa siku 20. Namba zake basi ni hesabu ya siku za tanga, si kipimo cha kisasa. Hata hivyo hoja yake ilikuwa nzito: dunia ni duara, na watu wanaishi kusini mwa ikweta, katika ukanda ambao Aristotle aliudhani kuwa na joto lisilokalika.

Duara hilo lilizua mgogoro. Wafuasi wa Uplato mpya, uliojengwa na Plotinus katika karne ya 3 na kupangwa na Proclus katika karne ya 5, walimsoma Aristotle kama ngazi ya kumfikia Plato. Mwanafunzi alianza na mantiki na elimu ya maumbile, akamalizia na mambo ya kimungu. Huko Aleksandria, John Philoponus, mwanafunzi wa mwanafalsafa Ammonius na tena Mkristo, alimpinga Proclus mwaka 529 kwa kukana kwamba ulimwengu hauna mwanzo, lakini umbo la duara alilikubali. Cosmas, mfanyabiashara wa mji huohuo aliyesafiri Bahari ya Shamu, alilikataa kabisa. Kwake ulimwengu ulifanana na hema la Musa. Ndiye pia aliyeitaja bahari ya Zingion, jina ambalo wengi hulihusisha na Zanj ya Waarabu.

Mwaka huohuo wa 529 Kaisari Justinian alipiga marufuku ufundishaji wa falsafa Athens. Damascius na Simplicius wakakimbilia Uajemi kwa muda. Maandishi yao hayakupotea yote. Katika karne ya 9 kundi la wanakili, linalodhaniwa kufanya kazi Konstantinopoli, liliandika juu ya ngozi vitabu vya Plato, Proclus, Damascius, Simplicius na Philoponus. Mikono hiyohiyo ilinakili mkusanyo wa jiografia ambao sasa uko Heidelberg, Ujerumani, ukiwa na Periplus ndani yake. Nakala nyingine pekee inayojulikana ilitokana na hiyo. Kwa hiyo wino uliookoa Uplato mpya ndio uliookoa Rhapta, na deni hilo halitajwi vya kutosha katika vitabu vya historia ya pwani.

Jiografia, kitabu cha Ptolemy, nayo ilikuwa imesahaulika hadi mtawa Maximus Planudes alipoipata yapata mwaka 1295, akaitungia mashairi ya furaha. Kaisari Andronicus wa Pili aliagiza nakala. Tafsiri ya Kilatini ilikamilika mwanzoni mwa karne ya 15, na Rhapta ikaingia katika ramani za Ulaya kabla Vasco da Gama hajaiona pwani hii.

Mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za kioo za enzi ya Warumi kutoka Mkukutu, Rufiji, zilizopatikana pamoja na vyungu vya wakulima na wafua chuma wa kale. Shanga hizo zinaashiria biashara ya mbali. Magofu ya mji wenyewe bado hayajathibitishwa. Na kuyatafuta si rahisi: katika delta, mto huhamisha midomo yake na kurundika tope jipya, na mikoko huota juu yake.